Nani Aliyeondoka Bila Kuizima

Shangazi yangu hafui nguo nyumbani. Watu huliona hilo ajabu, maana miaka kumi na tisa amekuwa akifua za hospitali nzima: mashuka ya wadi ya wazazi, blanketi za wadi ya watoto, majoho ya kijani ya chumba cha upasuaji. Akirudi jioni anatupa gauni lake kwenye beseni na kusema, "Zamu yangu imekwisha, afue anayetaka kuniona msafi kesho." Anayetaka kumwona msafi kesho huwa ni mimi.

Kazini wanamwita Bi Mkunjo. Shuka likipita mikononi mwake linatoka na pembe nne zimekutana kama zilipeana ahadi, na mkunjo wake umenyooka hivi kwamba muuguzi mmoja alidai ulimkata kidole. Muuguzi huyo hutia chumvi, lakini si sana. Kwa Bi Mkunjo kuna meza ya kuchambulia. Yenye damu huku, ya kawaida kule, blanketi peke yake. Mwenzake akichanganya, hamfokei. Anamwambia tu, "Mwenzangu, rudi," na mwenzake anarudi kuchambua lundo zima upya huku wengine wakimtazama. Afadhali angetukanwa.

Mimi nyumbani naitwa Diploma. Wala si sifa. Nilisoma mihula mitatu ya diploma ya utawala wa ofisi, nikatoka. Ukoo mzima unajua kwamba nilitoka, na kwenye kila shughuli yupo atakayenikumbusha. Wasichokijua ni somo lililonitoa: Stadi za Mawasiliano. Nilianguka mara mbili. Mtu mwenye mdomo kama wangu, anaanguka mawasiliano! Ni sawa na samaki kufeli kuogelea. Kwa hiyo nilisema tu kwamba "chuo hakina viwango", nikaachia hapo.

Sasa, Jumanne moja majoho arobaini ya upasuaji yaliungua ndani ya mashine ya kukaushia. Upasuaji wote wa siku ile ukaahirishwa. Wagonjwa waliokuwa hawajala tangu jana yake wakasukumwa kurudi wadini, na njaa yao tumboni na hofu yao ile ile, wasubiri siku nyingine. Jambo la namna hiyo haliwezi kukosa wa kubebeshwa. Kesho yake shangazi akapewa barua: ajieleze kwa maandishi, aya moja isiyozidi nusu ukurasa, kwa nini asiondolewe chumba cha kufulia.

Alinikalisha jikoni akanisimulia. Fundi wa umeme alikuja kutengeneza kidhibiti joto cha mashine. Alipomaliza alipandisha joto hadi juu ili aijaribu, majoho yakiwa humo ndani, akamwambia shangazi, "Mama, usiiguse, nitaizima mwenyewe." Shangazi akasema sawa. Msimamizi wake, mama mmoja asiyekaa kitini, akamwita mlango wa nyuma kupokea mashuka. Shangazi akauliza, "Na mashine?" Msimamizi akajibu, "Si fundi yupo?" Shangazi akaenda. Huku nyuma fundi akapigiwa simu, akatoka nje kuongea, akidhani shangazi bado yupo. Mashine ikabaki peke yake na joto lake. Shangazi aliporudi alipokewa na moshi.

"Hivyo tu," alisema. "Niandike hivyo hivyo nilivyokwambia?"

Nikacheka. Naomba mlikumbuke lile cheko, maana mimi silisahau.

"Shangazi! Hiyo unamsimulia jirani. Ofisini watu wanaandika kiofisi. Hutakiwi hata kusema 'mimi'. Ripoti haina mimi."

"Haina mimi? Na aliyeitwa kujieleza si mimi?"

"Wewe niachie. Nenda kapumzike."

Akaniachia. Nikaandika, ulimi nje pembeni mwa mdomo kama mtu anayechora:

"Mnamo siku tajwa, mtumishi husika akiwa katika utekelezaji wa majukumu yake ambayo ameyatekeleza kwa uadilifu usiotiliwa shaka kwa takriban miongo miwili, fundi alifika kwa ajili ya marekebisho ya mashine ya kukaushia, ambapo alimweleza kwamba joto limepandishwa kwa majaribio, naye akamjibu kwamba amemwelewa, ndipo msimamizi alipomwita, na baadaye alipigiwa simu akaondoka bila kuizima akiamini kwamba yupo, hali iliyosababisha majoho kuungua, jambo ambalo analisikitikia kwa dhati."

Aya nzima, nukta moja. Nilijiona nimebeba kombe.

Nilimsomea mbio mbio, kwa sauti ya mtangazaji. Shangazi alikuwa ameshika kidevu. "Hapo katikati panaeleweka?" aliuliza.

"Ndiyo lugha yenyewe ya ofisi, shangazi."

Akatia sahihi. Ni mtu anayeweza kukuonyesha doa la iodini ambalo wewe huoni hata kwa miwani, lakini mbele ya maneno yangu makubwa aliona haya kusema kwamba hajaelewa. Haya zile zilipaswa kuwa zangu.

Kikao kilikuwa Ijumaa asubuhi, ghorofa ya pili, kwa afisa utumishi. Nilimsindikiza kwa mbwembwe, nikakaa kwenye benchi la nje. Mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto, kwa hiyo nilikuwa nawaona: afisa na miwani yake ya kamba shingoni, karani, msimamizi, na shangazi katika gauni lililopigwa pasi na mimi. Karani akasimama, akasoma. Alisoma polepole, tofauti na mimi, na kila alipovuta pumzi katikati ya ile sentensi nilisikia jinsi inavyoyumba.

"Ngoja," afisa alisema. "Rudia hapo. 'Alipigiwa simu akaondoka bila kuizima.' Nani aliyeondoka?"

Karani akatazama juu, akatazama chini. "Anayezungumziwa ni mtumishi husika, mheshimiwa. Ndiye kaanza naye."

"Mtumishi husika ni Bi Mkunjo?"

"Ndiye."

"Kwa hiyo Bi Mkunjo alipigiwa simu, akaacha mashine inawaka, akaenda kuongea."

"Na anasikitika kwa dhati," karani akaongeza, kidole kikiwa kwenye mstari wa mwisho.

Nilihisi masikio yanawaka. Lugha yetu ina herufi moja, "a", inayombeba yeyote: mwanamume, mwanamke, fundi, bosi, shangazi wa mtu. Nilikuwa nimewapandisha watu watatu kwenye "a" moja, bila kusema nani anashuka wapi. Na kwa vile nilikataza "mimi", shangazi mwenyewe alikuwa humo ndani amebanwa na fundi, na fundi amefichwa nyuma yake.

"Simu si yangu," shangazi alisema. "Yangu naiacha nyumbani kila siku. Waulizeni wenzangu."

Msimamizi akajikuna shingo. "Ni kweli nilimwita, lakini hayo ya simu siyajui. Sikuwepo."

"Bi Mkunjo," afisa alisema, naye hakuwa mkali, "hapa pameandikwa na umetia sahihi. Tufuate karatasi au tufuate mdomo? Barua hii amekuandikia nani?"

Shangazi hakugeuka. Angegeuka, macho yake yangenikuta moja kwa moja.

"Nimeandika mwenyewe," alisema.

Kutoka kwenye lile benchi hadi kwenye ile meza ni hatua sita. Nilizipima kwa macho. Mimi ninayemjibu kila mtu, mimi ambaye konda wa gari na mhubiri wa redioni wote nimewahi kuwarudishia maneno, nilitazama vidole vya miguu yangu. Sikupiga hata moja.

Wakaamua kwamba kuanzia Jumatatu aende kupiga deki korido. Ana siku saba za kukata rufaa.

Tulishuka ngazi. Tulipofika chini ndipo akasema, "Uliniambia ni lugha ya ofisi."

"Ndiyo, shangazi."

"Kumbe hata ofisi hawaielewi."

Jumatatu akapiga deki. Walimpa korido inayopita mbele ya chumba cha kufulia, sijui kwa bahati mbaya au kwa makusudi, na siku nzima alizisikia mashine zake zikizungushwa na watu wengine. Wanaume wa stoo wakipita walikuwa wakiweka kiganja sikioni: "Haloo? Bi Mkunjo, nani kapiga?" Alinisimulia huku akicheka, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Kisha akasema wanaikunja vibaya mikono ya majoho, na hapo hakucheka.

Jumatano mchana, ikiwa siku yake ya mapumziko, nilimwomba niandike rufaa. Nilitegemea anifukuze, na ningefurahi kufukuzwa. Alivuta kiti, akaweka kibao cha mboga pembeni.

"Andika. Ila ukimaliza sentensi, simama, unisomee."

Nikaandika. Nikasoma: "Fundi alipandisha joto na akamwambia asiiguse."

"Akamwambia nani?"

"Wewe."

"Mimi nimo humo?"

Nikafuta. "Fundi alipandisha joto la mashine, akaniambia mimi nisiiguse, kwamba ataizima mwenyewe."

"Haya. Inayofuata."

"Katika miaka kumi na tisa ya utumishi..."

"We kijana! Hapo tunaongea mashine. Miaka yangu imeingiaje? Unanitilia blanketi kwenye majoho?" Aligonga meza kwa kisu. "Kama aya ni moja, iwe na jambo moja. Jambo lenyewe ni lipi?"

"Kwamba si wewe uliyeiacha."

"Basi lisemwe mwanzo kabisa, wasilitafute. Halafu yaliyotokea, kila kitu nyuma ya kilichokitangulia. Miaka yangu wanaijua, wamenilipa wao."

Tulikwenda hivyo saa nzima na ushee. Kila "a" aliisimamisha kama askari wa getini: Nani? Nani? Nani? Nilikaa darasani mihula mitatu na hakuna mhadhiri aliyewahi kuniuliza swali hilo, au pengine waliuliza siku ambazo nilikuwa nyuma nachekesha watu. Mwisho tulikuwa na sentensi saba fupi. Ya kwanza ilisema: "Si mimi niliyeiacha mashine ikiwaka, aliyebaki nayo ni fundi." Mtu yeyote angeielewa hata akisomewa kutoka chumba cha pili.

Kisha nikamwambia nataka kuongeza karatasi ya pili, yangu, ya kueleza ile barua ya kwanza. "Andika," alisema.

Niliandika haraka nisije nikaghairi: "Mwandishi wa barua ya awali aliteleza katika matumizi ya lugha, hivyo kusababisha utata uliomwathiri mhusika."

Nikamsomea.

"Nani?" aliuliza.

"Nani nini?"

"Aliyeteleza."

Maji ya mboga yalikuwa yanachemka. Nilijitia kugeuka nipunguze moto. Hakuniachia.

"Nani, mwanangu?"

"Mimi."

"Basi andika mimi."

Hakuna neno fupi lililowahi kunichukua muda mrefu hivyo. "Barua ya kwanza niliiandika mimi. Shangazi yangu alinisimulia vizuri, mimi nikavuruga. Siku ya kikao nilikuwa nje ya mlango, nikasikia kosa langu, nikanyamaza."

Kesho yake tulikwenda wote, na safari hii niliingia. Afisa alisoma karatasi zote mbili bila msaada wa karani. Aliposhusha miwani akaagiza fundi aitwe. Fundi alikuja na bisibisi mkononi, kijana mpole tu, akaulizwa kama Jumanne ile alipigiwa simu. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba ndiyo, alipigiwa na mkewe, akatoka, akidhani mama yupo ndani. Alikuwa akingoja aulizwe tangu siku ile. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu barua yangu ilikuwa imeshamjibia.

Afisa akamwambia shangazi arudi kwenye kazi yake, leo hii, na yaliyoamuliwa yamefutwa. Ila barua ya kwanza, alisema, haitolewi kwenye faili. Karatasi ikishagongwa mhuri inakaa humo. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe umesomea nini?"

"Utawala wa ofisi, mheshimiwa."

"Ukamaliza?"

"Hapana."

"Ulishindwa nini?"

Ningeweza kusema chuo hakina viwango. Jibu lenyewe lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini shangazi alikuwa amesimama pembeni yangu.

"Stadi za Mawasiliano," nilisema. "Nilianguka mara mbili."

Karani alikohoa kikohozi kisicho cha mafua. Afisa akainamia mafaili yake, nadhani kwa huruma, na hiyo ikauma kuliko kicheko.

Tulitoka. Kwenye korido, sakafu ilikuwa bado mbichi kwa deki ya mtu mwingine. Shangazi alitembea mbele yangu hadi mlango wa chumba cha kufulia, akaweka mkono kitasani, akasimama. Huko ndani mashine zilikuwa zinanguruma.

"Mara mbili?" aliuliza.

"Mara mbili, shangazi."

"Na ulikuwa unajua hivyo siku ile uliponiambia niende nikapumzike."

Halikuwa swali. Nilitafuta utani wowote, hata ule mbovu kabisa, sikuupata. Nikatikisa kichwa kukubali. Akafungua mlango, mvuke ukatoka, na nikamsikia akimwambia mtu aliyekuwa kwenye meza ya kuchambulia, bila kupandisha sauti, "Mwenzangu, rudi." Nilibaki palepale kwenye unyevunyevu, nikihisi kana kwamba niliyeambiwa ni mimi.