Kapita alifunika mawe na bashi, yaya yangu akabaki mu mvua

Wakuu wa humu ndani, jambo sana.

Mi ni muzee, macho inanisumbua, mukiona herufi imepotea munisamehe. Lakini hii minaandika niliiona mwenyewe, hakuna muntu alinielezea.

Na niko na hasira. Miaka yote hii, bado niko na hasira.

Ilikuwa wakati ya bakoloni Babeleji, mbele tupate indépendance. Mi na yaya yangu Wilondja, kaka yangu mukubwa, tulikuwa vijana ba Baraka, mji wa ku ziwa. Kukafika Muzungu mumoja mwenye alikuwa anatafuta mawe mu milima. Siku muzima ko, ko, ko, anagonga majabali, tukamuita Bwana Nyundo. Alihitaji bantu ba kubeba mizigo, tukaenda.

Kapita wetu, musimamizi wa babebaji, alikuwa Alimasi. Hilo jina mulishike.

Alimasi alikuwa shemeji yetu, alioa dada yetu mukubwa. Alikula bukari kwetu mpaka mama alikuwa anamuita "mutoto wangu".

Tukapanda, tukapiga kambi upande wa Bibokoboko. Bwana Nyundo na hema yake. Sisi babebaji tulikuwa na bashi moja, turubai nzito, tunaifunga ku miti tunajipanga chini yake.

Kila jiwe Bwana Nyundo aliliwekea alama na chaki, halafu tunalitia mu mufuko. Mawe mingi tuliitoa mu mutoni. Mi mwenyewe niliingia mpaka kiunoni.

Basi yaya akashikwa na homa. Anatetemeka, meno inagongana.

Mchana ule ule mbingu ikawa nyeusi tii. Wakuu, mvua ya kule yulu mu milima musiilinganishe na hii yetu ya ku ziwa. Upepo unakuangusha, radi inapiga karibu mpaka unasikia harufu, baridi inaingia mu mifupa.

Tukakimbia kufunga bashi, tumulaze yaya. Alimasi akaikamata.

"Lete. Ninafunika mawe, chaki itafutika."

Nilifikiri anacheza. Nikamuambia, "Shemeji, Wilondja iko mugonjwa. Baridi itamuua."

"We unataka Muzungu anifukuze?"

Na Muzungu hakusema kitu, wakuu! Alikuwa mu hema yake, amefunga mulango. Asubuhi ya siku ile, mbele ya mvua, alisema tu, "Muchunge mawe." Hii ya kutunyang'anya bashi Alimasi aliitoa mu kichwa yake mwenyewe, juu asifiwe.

Mawe! Mawe yenye ililala mu maji tangu Mungu aumbe dunia, leo inaogopa mvua! Pumbavu kabisa.

Na babebaji benzetu? Kila muntu anachunga kazi yake.

Nikamubeba yaya mugongoni, nikafuata njia ya ng'ombe. Sikujua inaenda wapi, lakini nilijua ng'ombe ya kule inarudi kwa mwenyewe. Niliteleza, nikaanguka naye, nikasimama, nikaanguka tena. Mara nikaona nyumba ya majani inatoa moshi.

Ilikuwa ya bachungaji ba kule yulu, bale banasema Kinyarwanda. Hatukuwa tunajuana. Kwetu tulikuwa na maneno mubaya ya kubaita, nao balikuwa na yao, tusidanganyane.

Mama mwenye nyumba akafungua. Ndani kulikuwa moto, na kando ya moto ndama mbili. Kwao ndama changa inalala ndani na bantu, juu ya baridi. Pahali pa kulaza muntu hapakuwa.

Mama akamuangalia yaya.

"Ndama itoke," akasema, na Kiswahili yake ya kukatakata.

Bwana yake akasita. "Hata hii imezaliwa jana?"

"Itoke."

Ndama ikatolewa mu mvua ile. Yaya akalazwa pale pale, majani ya ndama ilikuwa ingali na joto. Mama akamunywesha maziwa ya moto kidogo kidogo. Bwana akapiga magoti, anaomba na Kinyarwanda. Mi nilisikia "Yesu" tu.

Kulipokucha mvua ilikuwa imekatika. Nikatoka inje, nikamukuta bwana amechuchumaa. Ndama ile ndogo ilikuwa imekufa.

Mama akakuja, akaiangalia, halafu akanigeukia.

"Mugonjwa amekunywa?"

Alikuwa amekunywa. Homa ilikuwa imeshuka.

Hatujakaa, Alimasi huyo! Nikasema moyoni, afazali, amekuja kuona shemeji yake. Weee! Musikie alisema nini: "Mukuje haraka. Mawe haikuloa, Bwana Nyundo anataka tuondoke."

Sikuenda. Na mpaka alipokufa sikula naye tena sahani moja, hata dada alie namna gani.

Yaya Wilondja aliishi, akazaa, akazeeka. Juzi tumemuzika hapa Baraka.

Pale pale ku matanga, kijana mumoja akaanza kutukana bantu ba kule yulu, eti bafukuzwe bote, eti bauawe. Bengine banaitikia. Damu ikanipanda.

Nikamuuliza, "We, babu yako ni nani?"

"Si huyu Wilondja tumemuzika."

"Basi ukae chini."

Akakaa. Nikaelezea yote, na jina ya Alimasi nikaitaja mbele ya bajukuu bake.

Wakuu, mi nilichojifunza ni hiki: yule alimutupa yaya yangu alikuwa wa kwetu, alikula kwetu. Yule alipoteza ndama yake sikujua hata jina yake, na sikurudi kuiuliza.

Na weye unasoma hapa, nani alitoa ndama yake inje juu yako? Andika hapa chini, nitasoma polepole. Mwenye kuleta matusi apite mbali, leo sina uvumilivu.