Albamu ya Kaka na Herufi R

Watu wakiisikia albamu yetu huniuliza tulikuwa tunavuta nini. Hatukuvuta kitu. Kaka yangu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kukamua mbegu za pamba, Nyakato, hapa Mwanza, na mtu akishinda ndani ya kelele ile, akitoka nje kichwa kinaendelea kuunguruma hata kama barabara iko kimya. Alitaka tu kuutoa mngurumo huo kichwani auweke mahali pengine. Muziki wetu wa roki ulianzia hapo, wala hakuna siri nyingine.

Tulikuwa watatu. Kaka aliimba na kupiga gitaa la umeme, akilipitisha kwenye spika aliyoipasua kwa makusudi ili likwaruze. Mimi, mdogo wake wa kike, nilipiga besi. Ngoma zilikuwa za fundi mmoja wa kuchomelea vyuma wa Kiseke, ambaye matoazi yake aliyakata mwenyewe kwenye mapipa ya mafuta. Nyimbo zetu zilikuwa ndefu na nzito, zinazunguka palepale mpaka msikilizaji anahisi sakafu imelegea. Tuliwahi kualikwa kwenye harusi moja. Mwenye shughuli alituomba tukapate chakula kabla hatujamaliza wimbo wa kwanza.

Aliyekubali kututoa ni mwalimu mstaafu kutoka upande wa Bukoba, Mlutheri, aliyekuwa akirekodi kwaya kwenye chumba cha uani kwake. Lebo yake ilikuwa yeye, mke wake na kompyuta moja iliyochoka. Hakukuwa na kampuni nyuma yake wala mtu wa kumpangia, ndiyo maana aliweza kufanya upuuzi wa kutukubali sisi. Tulimwita Mwalimu tu. Alitusikiliza amefumba macho, halafu akasema, "Sijui hiki ni kitu gani, lakini si cha uongo."

Wakati huo kifua cha kaka kilikuwa kimeshaanza kumsumbua. Hospitali walimwambia aache kiwanda. Akaacha, ila kikohozi hakikumwacha. Hatukulizungumza, lakini wote tulijua kwamba albamu hii haitakuwa na ya pili. Kaka alitaka jambo moja tu, mama abaki na sauti yake. Mama hajui kusoma, na macho yake yana mtoto wa jicho, picha hazimsaidii. Simu ya kaka ilikuwa kitochi, haikuwahi kurekodi hata salamu.

"Mimi nikiondoka atanisikia tu, hataniona," aliniambia siku moja tukikunja nyaya. "Kwa hiyo tusifanye halaka, mdogo wangu. Tusikosee."

Tulirekodi kila kitu kwa siku mbili. Wimbo wa mwisho, uliobeba jina la albamu, ulihusu magugumaji yanavyolifunika ziwa kidogokidogo mpaka mtumbwi unakosa pa kupita. Kiitikio chake kilikuwa neno moja, nitarudi. Kaka alilitoa kifuani kwa nguvu zote, kama mtu anayeita ng'ombe walio ng'ambo ya mbuga. Fundi aliacha kupiga akasahau kuendelea, na Mwalimu hakumgombeza. Tatizo ni kwamba kaka hakusema nitarudi. Alisema nitaludi.

Sisi Wasukuma hatukuzaliwa na R. Mimi niliipata chuoni, Dar es Salaam, kwa shida. Wiki ya kwanza nilisema "halaka" mbele ya darasa, na neno hilo nikawa narudishiwa kila nilipopita, mpaka namaliza. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo hadi ulimi ukauma. Niliporudi Mwanza nilikuwa na cheti na R, na sijui nilijivunia kipi zaidi.

"Turudie," nikasema.

Mwalimu alivua vipokea sauti masikioni. "Kuna kosa gani?"

"Anasema nitaludi. Watu wa Dar watatucheka."

"Kwetu kulala wanasema kurara, na mimi nimefundisha watoto mpaka nimestaafu. Iache, binti."

Sikuiacha. Kaka mwanzoni alicheka, akasema ulimi wake umeshazeeka, nitauvunja. Lakini alikuwa ananiheshimu kwa sababu ya shule, jambo ambalo mpaka leo likinijia nashindwa kula. Alirudi kwenye maiki bila kubisha. Nilisimama mbele yake nikimwonyesha ulimi unakaa wapi. Kila akikosea tunasimama, na kila tukisimama anakohoa. Kiitikio kilipokubali nikaanza kuisikia ile L kwenye nyimbo nyingine pia, tukazirudia zote. Siku ya tano alimaliza. R zote zilikuwa safi, za kusomea taarifa ya habari. Sauti yenyewe ilikuwa imekwisha. Ilibaki nyembamba, yenye hofu, ya mtu anayekanyaga kwa uangalifu.

Ili kuuficha wembamba huo nilimwomba Mwalimu aipitishe kwenye mitambo ya gitaa, aiongezee mwangwi, na mahali pengine aigeuze ianzie mwisho. Ikapendeza, sitakataa. Wanaoisifia albamu husifia hapo. Kisha kompyuta ikatuambia imejaa.

"Zile za mwanzo niziweke wapi?" Mwalimu aliuliza.

Nikamwambia afute. Alikaa kidogo mkono ukiwa juu ya kibodi, akinipa nafasi ya kubadili mawazo. Mimi nilikuwa nimechoka na nilitaka kwenda nyumbani, kwa hiyo nikarudia, futa. Akafuta.

Kaka alifariki kabla makasha ya albamu hayajachapishwa. Tulimzika kwetu, ndani kidogo ukitokea Usagara. Waombolezaji walipoondoka, mama aliniita asubuhi akasema yuko tayari kumsikia. Alikuwa ameoga na kuvaa kitenge cha kanisani. Nilimwekea kiti, nikaweka spika kwenye stuli karibu na magoti yake, nikachagua wimbo wa magugumaji kwa sababu kaka aliupenda kuliko yote.

Mama alisikiliza mwanzo mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande mmoja, mikono imetulia mapajani. Kiitikio kilipofika nilimtazama usoni. Hakukuwa na kitu. Sauti ya kaka ilisema nitarudi, ikasema tena, na mama alikuwa akisubiri kwa adabu, kama mtu aliyekaa kwenye foleni. Wimbo ulipokwisha alitikisa kichwa kukubali.

"Anaimba vizuli, huyo kijana wa watu," akasema. "Umwambie nimeshukulu. Haya mwanangu, sasa niwekee ya kaka yako."

Nikainama kwenye spika, nikajifanya naitafuta.