Njia Iliyopimwa kwa Mzigo wa Kuni

Saa kumi na mbili asubuhi, Felicitas Ireri ameinama kwenye mteremko wa msitu ulio juu ya Kanja, Kaunti ya Embu, mgongoni ana mzigo wa kuni mbichi. Uzito wote umeshikwa na mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita kipajini. Kuni hizi haziendi jikoni kwa mtu. Felicitas anapima njia.

"Ukiwa na mukwa kichwani huoni mbele, unaona tu pale unakanyaga," asema bila kuinua uso. "Mahali mguu unasita, hapo ndiyo iko shida."

Mguu unasita. Anatua mzigo, anashika jembe, anachonga ukingo wa njia na kuushindilia kwa kisigino, kisha anajitwika tena.

Leo ana haraka. Saa tatu anakuja ofisa wa hifadhi kuamua kama njia hii ya kupandia Mlima Kenya, iliyofungwa miaka miwili sasa, itafunguliwa au itaachiwa vichaka. Wabebaji mizigo kumi na wanane wa hapa waliitegemea. Siku hizi wanachuma chai kwenye mashamba ya watu, naye Felicitas, mjane wa miaka arobaini na sita, hupata Sh600 kwa siku anapoitwa kufyeka.

Mlima huu ulitema moto zama hizo, ukaacha udongo mwekundu mwororo. Chai inaupenda sana. Miguu ya watu, mvua ikinyesha, haiupendi hata kidogo. Mgeni mmoja alivunjika mguu kwenye mteremko huu na kutwa nzima ikaisha akishushwa, ndipo njia ikafungwa. Sharti la kuifungua ni moja: mgonjwa ateremshwe kwa machela kutoka kijito cha mianzini hadi langoni, asichomoke, wala machela isiguse ardhi.

Mwaka jana walijaribu, wakaaibika. Wanaume walikuwa wamejenga ngazi za magogo zilizoteremka moja kwa moja. Machela ilipofika hapo ilitumbukiza pua, na gunia la mchanga lililofanywa mgonjwa likachomoka na kwenda zake matopeni.

"Zilikuwa stepu nzuri, hata tulizipiga picha," akiri Njagi, msimamizi wa wabebaji, akicheka kwa haya na kumwonyesha Felicitas kwa kidevu. "Mama Kivuti alituambia hazifai. Sisi tukamwambia arudi kwa kuni zake."

Safari hii walimsikiliza. Magogo yaling'olewa, na Felicitas akachora kona kumi na moja zinazoukata mteremko kwa ulalo, vile wanawake wa hapa hushuka na kuni. Kila kona aliipima kwa mgongo wake mwenyewe.

Ofisa Mutembei, mtu wa Meru, kilo tisini na nane kwa kukiri mwenyewe, anafika kijitoni saa tatu na robo. Gunia liko tayari. Felicitas analitazama, kisha anamtazama yeye.

"Afande, hili gunia haliwezi kutuambia kama limeogopa. Si ulale wewe?"

Njagi anachunguza viatu vyake. Mutembei anajishika kitambi, anafikiri, anavua kofia na kulala. Anafungwa mikanda.

"Mama, nikianguka njia imefungwa," aonya.

"Ukianguka nitaifunga mimi mwenyewe."

Wanne wanainua. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Felicitas anafuata nyuma, midomo inahesabu. Kwenye kona ya nane mbebaji wa mbele anateleza. Mguu unaserereka hadi ukingoni, unakwama kwenye udongo ulioshindiliwa, unasimama. Machela imeyumba kidogo tu. Wanaendelea kushuka mpaka kona ya mwisho.

Langoni wanamfungua Mutembei, naye haamki upesi.

"Kutoka kona ya tano niliacha kushikilia machela, mikono nikaikunja kifuani," asema, akitafuta kofia yake. "Hata kulala ningelala. Wiki ijayo leteni wageni."

Vigelegele vinapasua msitu. Njagi, mtu mzima na mvi zake, anarukaruka. Felicitas anakaa chini kwenye majani, analia na kucheka kwa pamoja, wala hajifichi.

Kwa miaka kumi na moja amefyeka njia hii, na hajawahi kuvuka mianzi. Kila mara kazi yake iliishia pale, wengine wakapita kwenda juu.

"Siku ya kufungua napanda mpaka kwa barafu, nione hawa wageni hukimbilia nini huko," asema. "Na sibebi kitu. Hata maji yangu ya kunywa, nimeshamwambia Njagi atanibebea."