Marashi ya Bwana na Bibi

Ukitaka kucheka, cheka, lakini jambo hili sikusimuliwa na mtu. Lilinipata mimi mwenyewe, hapa Kamalondo, Wazungu wakiwa bado wanauita mji huu Élisabethville.

Mume wangu Donati alikuwa fundi wa reli, mtu wa Kasenga, kule kando ya mto. Tulipooana aliniletea chupa ya marashi ya bei ndogo, yale ambayo mwanamume na mwanamke wanapaka sawasawa. Yalinukia udongo ulioonja mvua ya kwanza, na tumbaku, na gome la mti lililopigwa jua. Mimi nilitaka ya maua. Akakataa.

"Hapana, mama. Tutapakala hii hii, mi na we."

Ningejuaje?

Jumapili moja ya kiangazi, jua likizama, nilikuwa natoka kanisani. Mwanamke akaja ubavuni mwangu. Miguu yake ilikuwa na matope mabichi. Matope, kiangazi! Akaniinamia shingoni, akanusa.

"Dada, unapakala harufu ya bwana yangu."

"Iko ya bwana yangu mimi," nikamjibu kwa hasira. "Tunaipakala wote wawili."

"Basi iko bwana yetu."

Akatangulia. Niamini, alikata kona zote za kwenda kwetu bila kuuliza, na mimi mwenye nyumba ndiye niliyemfuata.

Donati alikuwa mlangoni. Alipomwona, akashika ukuta.

"Sabina," akasema, "mi nilikuzika."

"Ulinizika. Lakini kifo yangu haiyatoka ku mwili yako."

Nikamtazama mume wangu; nilipogeuka, mwanamke hayupo. Kizingiti kilikuwa kimelowa.

Ndipo Donati akaniambia. Alifiwa na mke Kasenga, akakimbilia mjini kabla ndugu wa marehemu hawajamtakasa kumtoa kifo cha mkewe mwilini, na mimi akanioa hivyo hivyo. Asubuhi alipanda lori la wachuuzi wa samaki akawaombe msamaha. Marashi hakupaka. Lakini alinukia.

Lori liliporudi, dereva aliniuliza, "Mama, ule bibi mwenye alikuwa pembeni yake, iko dada yake? Balishuka pamoja ku mto."

Kwao Donati hakufika. Hata leo hajafika.

Wewe dada unayenisikiliza, aliyefiwa na mke akikuposa, usitazame mshahara wala viatu. Nenda kwanza kwa ndugu wa marehemu, waulize kama wamemwachia. Mimi sikuuliza. Maiti sikupewa nilie, na mume mwingine sikuolewa, maana mimi nitatakaswa na nani?