Mahabusu wa Nne wa Marlene Hudak

Marlene Hudak alikuwa mwendesha mashtaka wa serikali kuu katika mji wetu wa viwanda vya chuma, jimbo la Ohio, kwa miaka mingi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimletea mahabusu kutoka jela na kuwarudisha. Watu wazima walimwita binti wa Hudak, kwa sababu ya baba yake aliyefanya kazi kwenye tanuri mpaka kiwanda kikafungwa. Alikuwa na koti moja la kijivu, chakula cha mchana alikula mezani kwake, na umbea hakuujua. Ukimuuliza habari ya kesi, hata kama mmekaa benchi moja kanisani, jibu lake lilikuwa lile lile: "Siwezi kusema ndiyo, wala siwezi kusema hapana." Ofisi yao nzima ilijibu hivyo, ila yeye alilizoea mno mpaka ungedhani ni salamu.

Kazi yake hasa ilikuwa kuwafanya watu waseme. Mtu anakamatwa na mzigo wa dawa za kulevya, anatajiwa miaka ishirini, halafu anaambiwa: tusaidie, nasi tutamwomba jaji akupunguzie. Lakini jela ina macho. Mahabusu akipelekwa mahakamani siku ambayo kesi yake haitajwi, wenzake wanajua amekwenda kuwachoma. Ndiyo maana Marlene alikuwa na mtindo wake: akimhitaji mmoja, anaita wanne. Kila mtu anawekwa chumba chake, anapewa kahawa, kisha wote wanarudi pamoja, na hakuna ajuaye nani kasema. Mtindo huo uliwaokoa wengi, siwezi kumnyima sifa yake.

Mwaka ule alikuwa akimwinda Garrett Stroud, tajiri wa malori. Mji mzima ulijua malori yale yanabeba nini. Ushahidi wote ulimtegemea dereva wake, Wendell Tackett, ambaye alikuwa amekubali kusema kwa siri. Kesi ilikuwa ianze Jumatatu. Alhamisi Marlene akamwita Wendell wapitie maswali, akaita na wengine watatu wa kumfichia. Mmoja wao alikuwa Lonnie Vasko, kijana aliyekuwa akifunga matairi kwa Stroud. Tangu siku ya kwanza Lonnie alikuwa amegoma kutoa hata neno, na nadhani ndiyo sababu Marlene alimwona hana hatari.

Kwenye lifti Lonnie alinitania. "Mzee Pruitt, leo mnatupeleka harusini?"

"Mkanywe kahawa ya serikali," nikamwambia.

"Kahawa yenu naijua. Afadhali ile miaka minane niliyopewa."

Mimi nilicheka. Wale watatu hawakucheka, wakawa wanamtazama tu.

Marlene alipoingia chumba alimowekwa Lonnie, nilikuwa nimesimama mlangoni. Lonnie hakupandisha sauti. "Mama, wenzangu kesi zao bado. Mimi nimeshahukumiwa, nasubiri basi la kunipeleka gerezani. Mtu wa namna yangu akiitwa huku ni kwa jambo moja tu, apunguziwe. Sasa nifundishe. Nikirudi kule, niseme nilikuja kufanya nini?"

Uso wa Marlene ulibadilika, na hapo nikajua kwamba hilo hakuwa amelifikiria. Miaka yote ile, halafu kosa la namna hii. Akasema atamhamishia jela nyingine siku hiyo hiyo.

"Ukinihamisha ndiyo umewathibitishia. Mama yangu anakaa mtaa mmoja na dada yake Stroud. Wewe waambie tu kwamba sikusema."

Marlene alipiga hesabu. Akitangaza kwamba Lonnie hakusema, wangebaki watatu wa kushukiwa, na kutoka watatu hadi Wendell si mbali. "Nivumilie," akasema. "Jumatatu kila kitu kitakuwa wazi."

"Jumatatu ni mbali, mama."

Nikamrudisha. Marlene alipiga simu jela akaomba wamwangalie kwa karibu, wakamwambia sawa.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, siku ambayo akina mama huuza pirogi, mfano wa sambusa za viazi za kuchemsha, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa. Mama yake Lonnie, Dolores, ndiye aliyekuwa akipakua. Marlene alisimama kwenye foleni na sahani yake kama kila Ijumaa, mimi nikiwa nyuma yake.

"Marlene, mwanangu," Dolores akasema, "Lonnie kanipigia simu, hata sauti yake sikuitambua. Wanasema kawauza. Wewe ndiye uliyemwita. Hebu niambie hapa hapa, mbele ya hawa wote, mwanangu alisema?"

Nusu ya wanawake wale walikuwa na watoto au wapwa jela, na dada yake Stroud alikuwa ameketi pale akikunja leso za karatasi. Neno moja tu, hapana, lingefika jela kabla ya jua kuzama. Moyoni nilikuwa nikimsihi aliseme. Nadhani akilini aliiona sura ya Wendell, au pengine mdomo ulijiendea wenyewe.

"Siwezi kusema ndiyo," akasema, "wala siwezi kusema hapana."

"Basi kasema," dada yake Stroud akawaambia wenzake, akaendelea kukunja leso.

Jumamosi asubuhi Lonnie alikutwa bafuni amekufa. Walituambia eti aliteleza. Nilimtukana aliyeniletea habari hiyo, na mpaka leo sijamwomba radhi.

Jumatatu Wendell alipanda kizimbani. Marlene akamuuliza ni nani aliyempa mizigo ile. "Sijui," akajibu. Akamuuliza tena, jibu likawa hilo hilo. Jaji akamwonya kwamba anapoteza nafuu yote aliyoahidiwa.

"Nipeni miaka yote, mheshimiwa," Wendell akasema. "Nataka kuishi."

Kesi ikaanguka, na Stroud alilala kwake wiki hiyo hiyo.

Sasa hapakuwa na siri tena ya kulinda. Marlene aliniomba nimpeleke kwa gari mpaka kwa Dolores. Dolores alifungua mlango, hakutukaribisha ndani.

"Lonnie hakusema neno," Marlene akamwambia. "Hata moja. Nimeona nije nikuambie mwenyewe."

"Mimi nilimzaa, Marlene. Nilijua hakusema. Nilikuuliza ili wao wakusikie."