Nguzo za Baba Mkwe

Leo nacheka, lakini siku ile ardhi ingenimeza ningeshukuru. Mzungu mmoja alikuwa akijenga nyumba yake Kongowe, kiunzi chote cha chuma, na mbele nguzo mbili nene kama za mahekalu ya kale. Nguzo alikabidhiwa baba mkwe, fundi mzee wa Maneromango, naye ndiye aliyeniombea kazi ya lipu.

Ijumaa nikazitazama kwa karibu. Michirizi mitupu, juu mpaka chini! Nikajisemea, macho ya mzee yamekwisha. Nimwulize mkwe wangu kosa lake? Nathubutu wapi! Heri nimsitiri. Wenzangu wakaenda msikitini, mimi sikutulia. Nikashika mwiko, nikaziba michirizi yote, nguzo zikawa laini kama yai.

Mara Mzungu akaja na wageni, baba mkwe nyuma yao na kanzu yake.

“Tazameni mifereji ya urembo kwenye nguzo,” Mzungu akawaambia. “Mzee huyu ameichonga miezi miwili.”

Baba mkwe hakuzitazama nguzo. Aliitazama mikono yangu, lipu mbichi mpaka viwikoni.

“Mwanangu,” akauliza taratibu, “Ijumaa ya leo umeswali wapi?”