Sahani Arobaini za Uyoga

Bernadine Sweda, mwanamke wa miaka sitini na mmoja, aliogopa vitu viwili tu maishani: ngazi zenye barafu na simu inayolia alfajiri. Jiko hakuliogopa. Kwa miaka ishirini na sita alishona kola za mashati katika kiwanda cha mji wa Nescora, na kiwanda kilipofungwa akahamia ukumbi wa chini wa kanisa la Mtakatifu Kasimiri. Kila Alhamisi akina mama hukusanyika pale kukanda unga na kufunga pierogi, vile vifuko vya unga vya umbo la nusu mwezi, vyenye ujazo ndani, vinavyochemshwa, kisha vikakaangwa kwa siagi na vitunguu. Walikuwa wakisema ukimfunga Bernadine mkono mmoja nyuma, bado atakuacha kwa dazeni mbili.

Huko ndiko alikookotwa na Trent Kessler, meneja wa uwanja wa besiboli. Timu ya Nescora, Nyumbu, ni ya ligi ndogo. Vijana hucheza hapo wakisubiri kuitwa juu au kurudishwa kwao, na watazamaji huja zaidi kwa ajili ya bia baridi na soseji ndani ya mkate kuliko kwa ajili ya mpira. Kessler alitaka makubwa zaidi. Alijenga baraza nyuma ya kituo cha mpigaji, akaweka viti arobaini na vitambaa vyeupe, akaiita Meza ya Mpishi: sahani tano, zinapikwa mbele ya macho yako huku mchezo ukiendelea. Mji ulicheka. "Kwa hiyo sasa tunamtukana mwamuzi tukiwa na uma tatu mkononi?" Kisha watu wakala, wakanyamaza, na kufikia mwezi wa saba viti vikawa vinagombaniwa. Bernadine alivalishwa koti jeupe lenye jina lake limetariziwa kwa uzi wa bluu. Alilifua na kulipiga pasi mwenyewe. Hakumpa mtu.

Jumapili ya mwisho ya msimu, katikati ya Septemba, sahani ya pili ilikuwa pierogi za popinki.

Popinki ni uyoga wa rangi ya asali unaoota kwa vishada kwenye visiki vya mialoni, kule juu kwenye vilima vya mabaki ya machimbo ya makaa ya mawe. Nescora ina adabu zake juu ya uyoga huo. Humwulizi mtu amechuma wapi. Ni sawa na kumwuliza mshahara wake. Anayekupa naye hakupi mkononi. Huacha mfuko wa karatasi barazani kwako, hauna jina, akaenda zake, nawe hutakiwi kumshukuru, maana ukimshukuru ni kama unamwambia hukumtarajia. Kwa miaka thelathini mfuko wa Bernadine ulitoka kwa mzee Stush Hudock, umekunjwa mara mbili juu na kubanwa kwa kibanio cha nguo cha mbao. Ijumaa alipofungua mlango akaukuta, umejaa kuliko kawaida na kibanio mahali pake, akajisemea kwamba Stush amesikia habari za Meza ya Mpishi.

Sheria ya afya inakataza uyoga wa porini kuingia jiko la biashara kabla haujakaguliwa na mtu mwenye kibali. Bernadine aliijua. Lakini Stush alikuwa akikagua uyoga tangu sheria hiyo haijazaliwa. Aliosha, akatupa vikonyo vigumu, akakatakata vichwa. Mama yake alimfundisha kugeuza kila kichwa na kukitazama chini. Mara hii hakugeuza, kwa kuwa mkono wa Stush ulikuwa umeshapita.

Mchezo ulianza saa saba mchana. Kufikia zamu ya tatu kati ya zamu tisa za mchezo, sahani arobaini zilikuwa zimerudi jikoni tupu, nyingine zimefutwa kwa mkate hadi zinang'aa. Ndipo Renata, binti wa Stush, alipoinamia dirisha la jiko.

"Shangazi Bernie! Koti limekukaa, utadhani daktari."

"Daktari wa matumbo. Baba yako yuko wapi? Mwambie hakuna aliyebakiza hata kipande."

"Baba? Kwani hujasikia? Alianguka bafuni, nyonga ikavunjika. Yuko kwangu, hawezi hata kwenda msalani peke yake, na anavyolalamika utafikiri nimemfunga jela."

Bernadine alicheka kwa mazoea, na kicheko kikamkaukia mdomoni. "Lini?"

"Jumanne hii zinatimia wiki mbili. Kwa nini?"

"Hamna, mwanangu. Msalimie."

Renata akaenda zake na bia yake. Bernadine akashika ukingo wa meza ya chuma kwa mikono yote miwili.

Kuna uyoga mwingine unaoota kwenye visiki hivyohivyo, wakati huohuo, mara nyingine ndani ya kishada kilekile. Mama yake aliuita pacha. Hauchomi ulimi wala haunuki vibaya. Unakula, unasifu, unaongezewa. Saa sita, kumi, hata ishirini na nne zinapita wewe ukiwa mzima, na tumbo linapoanza kusokota, ini limekwisha kuliwa. Katika mtaa wa juu kulikuwa na nyumba ambayo watoto wa Nescora walikatazwa kuiashiria kwa kidole, kwa sababu majeneza matatu yalitoka humo wiki moja, zamani, baada ya chakula cha jioni cha Jumapili.

Popinki na pacha wake hutenganishwa na vumbi. Kichwa kikilazwa juu ya kioo, popinki hudondosha vumbi jeupe, pacha vumbi la rangi ya kutu. Bernadine aliupekua mfuko uliokuwa bado chini ya sinki. Katika pembe yake, vimebanana na majani ya mwaloni, akakuta vichwa viwili vizima alivyovisahau. Alivilaza juu ya sahani ya kioo, akavifunika kwa vikombe. Vumbi halina haraka, huchukua saa moja, mbili, zaidi.

Akapiga simu kituo cha ushauri wa sumu. Sauti ya mwanamke, tulivu mno, ikamwuliza wangapi na saa ngapi, kisha ikasema, "Usingoje waumwe. Wapelekwe hospitali sasa hivi, na chochote kilichobaki kiende nao."

Kessler aliposikia, uso wake ulibadilika rangi kama nyama iliyotolewa kwenye friji.

"Si ulinunua kwa muuzaji wetu?"

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza kwa sababu niliku—" Akajikatisha, akafunga mlango wa jiko. "Nani ameuleta huo uyoga?"

"Sijui."

"Hujui! Umelisha watu arobaini kitu cha mtu usiyemjua?"

Wakakubaliana jambo moja tu, kumtafuta. Mtangazaji alipewa kikaratasi, na kati ya zamu ya tano na ya sita sauti yake ikatanda uwanja mzima: "Aliyeacha mfuko wa karatasi barazani kwa Bernadine Sweda aje jikoni tafadhali. Narudia, mfuko wa Bernadine." Watu elfu tatu wakapiga miluzi. "Bernie kapata mchumba!" mmoja akapaza sauti, na wengine wakaanza kupiga makofi kwa pamoja.

Aliyekuja ni Emil Yurkanin, shemeji yake Stush, dereva mstaafu wa basi la shule, mzee mwenye tumbo la furaha. Alikuwa amevaa miwani myeusi mipana inayofunika hadi mashavu.

"Ni nani ananitafuta? Nimemwachia bia yangu mtu simwamini."

"Emil, ni wewe?"

"Na nani mwingine? Stush alinipigia simu. Kasema mpelekee Bernie fungu lake, na usisahau kibanio, asije akadhani kasahauliwa. Enhe, wamependa?"

"Hiyo miwani ni ya nini?"

"Nimepasuliwa mtoto wa jicho, hili la kulia. La pili mwezi ujao. Jua likiniingia naona maziwa matupu." Akacheka. "Lakini popinki sihitaji macho, mama. Miaka sitini nachuma. Nashika, nanusa, basi."

"Ulichuma kwa kushika."

"Na kunusa," Emil alisema, na tabasamu likaanza kumshuka. "Bernie, mbona unanitazama hivyo? Sema basi."

Bernadine alitazama vikombe viwili juu ya kioo. Alitamani kuvifunua. Aliogopa kwamba akivifunua mapema hataona kitu, na kutoona kitu kutampa sababu ya kungoja.

"Zamu tatu tu zimebaki," Kessler alisema kwa sauti ya chini. "Mwenye timu yupo pale na mkewe. Mchezo uishe, tuwaite ofisini taratibu, mmojammoja. Dakika arobaini, Bernie."

"Sumu haijui zamu," Bernadine akasema, akafungua mlango.

Nje jua lilikuwa kali. Kijana wa Nyumbu alikuwa amepiga mpira mrefu, na baraza nzima ilikuwa imesimama ikishangilia, vijiko mkononi, sahani ya nne ikipoa mezani. Bernadine alingoja waketi, ameshika mgongo wa kiti cha mtu. Wakamwona, wakampigia makofi. Makofi hayo yalimwumiza kuliko tusi lolote.

"Nisikilizeni," alisema. "Uyoga wa sahani ya pili sikuukagua. Aliyechuma haoni vizuri. Huenda ni mzuri wote. Huenda una mmoja wa kuua. Lazima twende hospitali sote, sasa, kabla hamjasikia chochote tumboni."

Kwa muda hakuna aliyeelewa. Kisha bwana mmoja mwenye kitambaa kifuani akakivua polepole na kukitazama, kana kwamba jibu limeandikwa humo. Mtu alianza kutukana. Mwanamke aliyeitwa Maura, mja mzito wa miezi saba, alishika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Nimekula popinki tangu sijaota meno," alisema bibi kizee Leokadia, aliyekuwa hakosi mchezo. "Nikifa leo wameniua hawa wapigaji wetu, si uyoga." Kisha mwenyewe akainuka kutafuta fimbo yake.

"Na wewe je?" Maura aliuliza. "Wewe umekula?"

Bernadine alishtuka. Tangu zamu ya tatu alikuwa akihesabu arobaini, arobaini, na hakujihesabu hata mara moja.

"Nimeonja," akasema. "Tangu saa mbili asubuhi. Ule ujazo kabla ya chumvi na baada ya chumvi, halafu zile zilizopasuka kwenye maji. Kama nane hivi."

"Sisi tulikula saa saba na nusu," Maura alisema. "Basi wewe umetutangulia kwa saa tano na nusu." Akamkazia macho kama mtu anayetazama barabara anayokwenda kuipita.

Basi la timu likaletwa langoni. Kabla ya kupanda, Bernadine alirudi jikoni kuchukua kioo. Alifunua kikombe cha kwanza, akaondoa kichwa cha uyoga, akakishika kioo mbele ya aproni yake nyeusi: ukungu mweupe, mwembamba kama pumzi. Popinki. Alifunua cha pili, na mbele ya aproni hakuona kitu. Karibu ashukuru. Kisha akakisogeza kioo mbele ya koti jeupe. Chini ya jina lake, juu ya kitambaa alichokipiga pasi asubuhi, kilikuwapo kiduara hafifu cha rangi ya kutu.

Emil alikuwa nyuma yake. Hakuweza kuona, lakini aliusikia ukimya wake. "Bernie," akasema, "Bernie, niambie ni mweupe." Bernadine alimshika mkono, akampandisha basi pamoja na wengine.

Hospitali ya kaunti iliwatengea ukumbi wa mafunzo, vitanda vikajaa, wengine wakaketi kwenye viti vya plastiki wakitundikiwa dripu. Daktari kijana alikitazama kile kioo muda mrefu. Alisema kama pacha alikuwa mmoja kati ya mamia, na wamegawana watu arobaini na mmoja, kuna matumaini. Lakini hajui walikuwa wangapi, na wala hakuna ajuaye. Damu ingepimwa kila baada ya saa chache hadi Jumanne.

Hapo ndipo ilipoanza hofu ambayo Bernadine alikuwa hajaijua bado. Watu walikuwa wamepiga hesabu. Yeye ndiye saa yao. Kitakachowapata kitampata yeye kwanza. Alipokohoa, vichwa viligeuka. Alipojinyoosha mgongo, mazungumzo yalikatika. Saa kumi na moja na nusu aliinuka kwenda msalani, akisukuma mti wa dripu, na ukumbi mzima ukanyamaza hata akasikia magurudumu yakilia sakafuni. Alikaa humo ndani akisikiliza tumbo lake kama mtu anayesikiliza mwizi darini. Kitu kilisogea. Kikatulia. Hakujua ni nini. Aliporudi, wote walimtazama usoni.

Kessler alikuja, akasimama mlangoni, akasema atahitaji koti lirudishwe, halafu akaona aibu na kuondoka. Emil alikuwa amejikunja kwenye kiti cha pembeni bila miwani, jicho jekundu, akisali kwa lugha ya mama yake.

Saa kumi na mbili na nusu, zikiwa saa kumi na nusu tangu aonje mara ya kwanza, Maura alivuta kiti chake hadi kando ya kitanda cha Bernadine. Hakuwa amemsemesha tangu uwanjani.

"Unasikia nini?" aliuliza. "Usinidanganye."

Bernadine alijichunguza kwa uaminifu, toka kooni hadi chini, kama mtu anayepekua mifuko yake.

"Njaa," akasema.

Kwenye kitanda cha jirani bibi Leokadia aliguna, ikawa nusu ya kicheko. Maura hakucheka. Alimshika Bernadine kifundo cha mkono, akakibana kwa nguvu, upande ule usio na sindano, na hakukiachia.

"Basi usiache," alisema. "Mpaka kesho asubuhi, mama, usiache kuwa na njaa."